Siku Ishirini na Nane

Huku kwenye delta ya mto Po, ardhi imelala chini ya bahari
kama godoro lililobonyea katikati.
Ukitaka kuuona mto, panda ngazi.

Pampu ya zamani tuliikuta imeinama,
msingi wake umetitia vidole vinne upande wa mfereji,
shafti imejisugua hadi chuma kikageuka rangi ya zabibu.
Fiorenzo, mtunzaji wake kwa miaka thelathini na mmoja,
alikuwa ameuzoea mngurumo wake
kama mtu aliyezoea mkoromo wa mwenziwe kitandani.
"Ikinyamaza," alisema, "naamka."

Tukaing'oa. Tukachimba
mpaka tope likawa kijivu, likanuka yai viza.
Nguzo kumi na sita, mita kumi na tisa kila moja.
Ya tatu ilizama kama mwiko kwenye uji,
tukaiunganishia nyingine juu,
ikazama nayo, ikazama,
kisha ikagonga mchanga mgumu, na chini kukaitika.
Ottorino wa kreni alivua kofia, hakusema kwa nini.

Zege tulilimwaga alfajiri hadi saa nane mchana,
malori tisa, bila kupumzika,
kwa kuwa zege likikatika huacha mshono,
na maji hayana kazi nyingine ila kutafuta mishono.

Halafu tukangoja.

Injinia Dalmasso alipiga simu kila siku.
Mvua za Novemba ziko njiani, alisema.
Mashamba ya mpunga ya akina Zanirato yamefika kifundoni, alisema.
Pampu mpya, tani kumi na mbili, ilikaa kwenye trela
chini ya turubai, kama mgeni ambaye hajaambiwa aingie.
"Mbona limeshakauka? Mtu anatembea juu yake!"
Ndiyo, nilimjibu. Hata juu ya barafu mtu hutembea.
Kila asubuhi nililowesha magunia, nikalifunika,
nikalinywesha zege maji
katika nchi inayokufa kwa maji.

Siku ya ishirini na tisa, Ottorino akaishusha
polepole, kwenye boliti nane zilizosimama wima.
Hapo ndipo kazi yangu inapoanza.
Pimamaji. Kibapa cha chuma hapa, kingine pale.
Saa ya kupimia ina mshale mwembamba,
huona sehemu moja ya mia ya milimita;
unywele wangu kwake ni gogo.
Rojo la saruji tukalimimina kutoka upande mmoja tu,
ili hewa ipate mlango wa kutokea.

Wahenga walisema maji hayapandi mlima.
Sisi tunalipwa ili yapande.

Tulipoiwasha, Fiorenzo alitoa mfukoni sarafu ya lira mia mbili,
pesa isiyonunua tena hata kiberiti,
akaisimamisha kwa ukingo juu ya mgongo wa pampu.
Ikatetemeka. Ikaanguka.
Hakuna aliyenitazama, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Nikazima. Nikalegeza nati moja moja.
Kwenye mguu wa tano, mshale uliruka:
mguu ulikuwa umekanyaga hewa, umebanwa kwa nguvu, unajifanya umetua.
Nikauwekea kibapa chembamba kama ganda la kitunguu,
nikakaza upya, kwa zamu, kwa mshazari,
mpaka nyuma ya shingo yangu ikalowa jasho katika baridi ile.

Sarafu ikasimama.
Nje, mfereji ulianza kupanda kuelekea bahari,
mzito, wa kahawia, na bata wawili juu yake wasiojua kitu.

Saa nane usiku simu ililia.
"Nives? Imezimika?"
Nikamwambia inafanya kazi.
"Mbona siisikii?"
Nikamwambia alale.
Hakukata simu.
Nikatoka barazani na koti juu ya nguo za kulalia,
nikainua simu kuelekea gizani,
pale maji yalipokuwa yakipanda.