Peni Mbili kwa Herufi

Josiah Pardoe, mchonga mawe wa Ellesmere,
alitoza peni mbili kwa herufi;
nukta alitoa bure.
Siku ya manyunyu, yale yasiyonyesha wala kuisha,
aliingia Keziah Tranter, mjane wa mlinda-lango la mfereji,
shali ya kuazima, viatu vya marehemu miguuni.
"Andika jina lake," akasema, "na chini yake: jentlemani."

Pardoe akaweka patasi chini.
Hakucheka. Neno hilo alilichonga kila mwaka
kwa watu waliozikwa na viganja laini.

Lilitoka mbali. Huko Rumi lilikuwa ukoo tu,
likiuliza: wewe wa nani?
Kwa Wafaransa likavishwa upanga,
likatua Uingereza juu ya farasi.
Wakaja makarani wa nasaba na madaftari yao,
kaunti kwa kaunti, wakikagua ngao,
na aliyejipachika cheo
akatangazwa hadharani: huyu siye.
Kwa karne nyingi maana ilikuwa fupi:
mtu asiyekula kwa jasho la mikono yake,
hata kama hamlipi fundi wake wa nguo.
Adabu ilikuja baadaye, mgeni aliyechelewa karamu,
akakuta viti vimejaa, akasimama mlangoni
mpaka watu wakadhani ndiye mwenye nyumba.

Siwacheki. Mimi ninayefasiri ili nile
huandika "muungwana", nikafungua ukurasa wa pili,
nikijua nalo lilizaliwa likimtazama mtumwa,
likisema: mimi si yule.
Wahenga wakalitia sabuni: muungwana ni kitendo.
Sabuni nzuri. Harufu bado ipo.

"Kasisi atakataa," Pardoe akasema.
"Daftari la kanisa linasema kibarua."
"Kasisi hakuwapo usiku ule wa barafu
tishari lilipokwama. Watu weusi kwa makaa,
Enoch akawapa kitanda chetu, sisi tukalala jikoni,
na asubuhi akawavulia kofia
kana kwamba wao ndio waliotufadhili."

Maji yakadondoka kwenye ndoo.
"Una kiasi gani?"
Akafungua kiganja: peni sita, moja imepinda.
Herufi tatu.
Wenye haraka hulifupisha, Pardoe akamweleza;
huchukua upande wa mbele, herufi nne, ule wa ukoo.
Akajitolea kumkopesha peni mbili.

Midomo ya Keziah ikahesabu.
"Hapana. Nipe upande wa nyuma."

Upande wa nyuma ni mtu.
Kwa lugha yao herufi tatu, kwa yetu pia tatu.

Pardoe akachonga, na kushoto akaacha
nafasi ya herufi sita, ameilainisha,
endapo siku moja ingepatikana shilingi.
Haikupatikana. Nafasi imeota kuvu,
na wapita njia huinama, huipapasa kwa kidole,
wakidhani kuna neno lililofutika.