Na Wenzake

Saa nane usiku, Roysambu, ghorofa ya tano.
Stima imerudi, na oda imeingia:
kurasa sita, marejeo kumi,
mada: maji machafu na afya ya watoto, mitaa ya mabanda, Nairobi.
Dola nne kwa ukurasa.
Mteja yuko ng'ambo, jina lake ni namba.
Anaitaka kabla hajalala,
huko ambako jua ndilo kwanza linatua.

Nacheka peke yangu.
Maji hayo nayajua.
Miaka miwili niliyachota mimi, Mukuru kwa Reuben,
kwenye mipira inayopita ndani ya mtaro,
chupa mia tatu na sita, kila moja na kibandiko,
mwandiko wangu, wino usiofutika,
kisanduku cha barafu begani kikinivujia mgongoni.
Mama Nekesa alinipa kigoda, akauliza:
"Na majibu mtatuletea lini?"
Karibuni, nikasema,
kama mtu anayealika wageni nyumba isiyo yake.
Mwaka wa nne huu.

Natafuta marejeo.
La kwanza kwenye orodha: jarida kubwa, Mukuru,
sampuli mia tatu na sita.
Nabonyeza. Mlango.
Dola thelathini na tisa, kwa saa ishirini na nne.
Yaani kuzisoma chupa zangu siku moja
ni kumwandikia mtoto wa watu kurasa kumi kasoro robo.

Namwandikia Abdinoor wa maktaba. Naye hajalala.
"Chuo kiliacha kulipia tangu Januari," ananijibu.
"Lakini subiri.
Hakuna nyumba isiyo na uani."

Naisoma kama barua ya mirathi.
Waandishi sita.
Wa kwanza alikuja mara mbili, akapiga picha bomba.
Wa pili hakuja.
Wa tatu ni profesa wetu, katikati,
kama kachumbari kwenye sahani ya wageni.
Waliobaki siwajui; labda walichora grafu.
Mimi nimo.
Mwisho kabisa, herufi za sisimizi, penye shukrani,
baada ya mfadhili, kabla ya dereva:
J. Kwamboko.
O badala ya A.
Jina la dereva, Mulandi, liko sawasawa.
Nashangaa kumwonea wivu.

Nami niliwahi kuandika yangu,
nani alitoboa bomba, nani anauza mtungi,
kwa nini mtaro ulitangulia mfereji.
Mwezi wa saba wakajibu:
kazi nzuri, ila ni ya mahali pamoja mno.
(Kwao si mahali?)
Kiingereza kipitiwe na mwenye lugha.
Na ikikubalika, ada dola elfu tatu na mia mbili.
Kiingereza changu hichohicho
kimewapatia watoto wa wenye lugha
digrii tatu, na ya nne iko njiani.

Yapo majarida mengine, ya siku tano,
shilingi elfu kumi, hata ukiwatumia risiti ya sukari watachapisha.
Lekishon ana makala manne humo, na cheo kipya.
Simsemi. Karo ni karo.

Naandika.
Vidole vinajua njia kuliko mimi.
Kwenye marejeo naweka jina la yule aliyepiga picha bomba,
kisha naandika: na wenzake.
Hapo ndipo ninapokaa,
ndani ya maneno hayo mawili,
mimi, Mulandi, Mama Nekesa na kigoda chake,
tumesongamana kama foleni ya mtungi wa shilingi ishirini.

Naituma adhana ya kwanza ikilia.
Chai haijachemka, namba imenijibu:
nyota nne kati ya tano.
Ila inauliza,
una hakika na hizi takwimu?

Naligusa bega, penye alama ya mkanda.
Najibu:
ndiyo. Chanzo ni cha kuaminika.