Kulia

Wateja wangu hapa Lurambi huja na magari,
lakini kwanza huja na midomo.
Diwani mstaafu, koti la vifungo vitatu,
aliinama dirishani: tik, tik, tik.
Nikang'oa kijiwe kwenye maua ya tairi,
nikamtilia mkononi kama chenji.
Sista wa misheni alipiga kwiii hadi akacheka mwenyewe:
breki zimeisha, chuma kinalamba chuma.

Mwalimu Indeche hakutaka kuiga.
Alisimama kando ya Probox yenye vumbi la Navakholo,
akasema tu, "Ina kitu. Ikipita thelathini, ina kitu."
Tukapanda. Nikamwambia azime redio,
afunge vioo, aache habari za mkopo.
Thelathini: mvumo, chini kabisa,
kama mtu anayesali chumba cha pili.
Hamsini: ukapanda nayo.
Nikapinda kushoto, ukakaza.
Nikapinda kulia, ukanyamaza.
Mzigo ukilalia kulia, kulia ndiko kunakolia.

Jeki. Khavere akazungusha gurudumu kwa mkono mmoja,
wa pili kaushika springi, macho kafumba.
"Mchanga," akasema. "Kama unga uliosagwa na mawe."
Debe tupu haliachi kuvuma, beringi iliyokwisha hali kadhalika,
ila debe halitakuangusha daraja la Isiukhu.

Saa tisa gari likaondoka
kama limevaa soksi.

Asubuhi nilimkuta ameketi juu ya rimu zangu kuukuu.
"Imeharibika tena?"
"Haijaharibika." Akachokoa kucha.
"Mama hakutoka."

Macho ya mama yalikwisha mwaka wa nne sasa.
Jioni humsikia mwanawe akiwa bado kwenye kinu cha kusaga,
hufika getini na fimbo yake, akaondoa komeo
kabla gari halijasimama.
Jana Mwalimu alipiga honi.
Mama akauliza, nani huyo mgeni?

Nikaitafuta beringi kwenye ndoo ya vyuma chakavu.
Nilidhani atataka niirudishe.
Hakutaka. Aliitia kidole, akaizungusha
sikioni pake, mara moja, mara mbili,
kisha, mbele ya Khavere na watu wa kuziba pancha,
akafungua mdomo:
vuuuuu.
"Ni hivyo? Nikifika kwenye kinu, nitoe kichwa dirishani?"

"Shusha kidogo," nikamwambia.
"Yako ilikuwa nzito zaidi."