Kucha ya Gumba

Ya kwanza ilikuwa ya plastiki, ya Luthuli.
Ilibana hadi gumba likawa zambarau,
ikapasuka Jumamosi, katikati ya wimbo wa pili.
Ya bati nayo ilinichubua;
nyuzi zikalia kama sufuria zinazogombana.

Ndipo Odanga wa Kamukunji,
fundi wa masanduku,
akanipima gumba kwa uzi wa gunia,
akakata pembe ya ng'ombe, akaichemsha,
akaikunja polepole akipuliza vidole.
"Siku utakayoisahau," akasema, "ndiyo yenyewe."

Mwaka wa sita huu.
Imelika upande mmoja
kama kisigino cha kiatu changu cha kushoto.
Gitaa nimelilaza mapajani, chuma kinateleza,
sauti inajikokota ikilia.

Juzi nilimaliza ugali na matumbo,
ndipo nikaiona kidoleni,
ina mchuzi.