Maneno Yanayoruhusiwa

Koridoo yetu ina mita thelathini.
Nilizipima mwenyewe kwa utepe wa fundi cherehani
uliopoteza sentimita yake ya kwanza,
nikaifidia kwa kidole.
Ncha hii chupa ya Fanta iliyojaa mchanga,
ncha ile chupa ya Primus, ambayo daktari mkuu hajaiona.
Utafiti unataka koni za rangi ya chungwa.
Koni ziko njiani tangu Machi.

Mshiriki namba ishirini na saba:
M'Cirhuza, mbebaji mizigo, bandari ya Bukavu.
Nyonga ilivunjika siku gunia la unga wa muhogo
lilipomtangulia kushuka.
Alitia dole gumba kwenye kurasa nne za ridhaa,
akauliza kama wino unatoka kwa sabuni,
kisha muuguzi akamfungulia bahasha.
Ndani mlikuwa na A, au B.
Mimi sijui. Sipaswi kujua.
Anayepima hapimi sawa akijua anachokitamani.

Tembea dakika sita, namwambia.
Ukichoka simama. Saa haisimami.
Na kila dakika nina sentensi yangu moja,
ukurasa wa kumi na moja, marufuku kuipamba:
*Unaendelea vizuri. Zimebaki dakika tano.*
*Endelea hivyo hivyo. Zimebaki nne.*
Siruhusiwi kusema pole.
Siruhusiwi kusema, mama, nimeliona goti.
Naliona, naandika: *mita 142.*

Mwezi wa tatu: mia mbili na tisa.
Aliketi, akafunga kitenge upya, akainama kwangu:
"Kaka, nikuambie kile banatufanyishaka
kule mu chumba ya nyuma—"
Nikaziba masikio kwa mikono miwili
kama mtoto anayeogopa radi.
Alicheka mpaka wagonjwa wa zamu wakageuka.
"Weye, banakulipaka juu usijue?"
Ndiyo, mama.
Ni karibu hivyo.

Mwezi wa sita hakuja.
Simu inaita, kisha haiiti.
Fomu ina kisanduku cha watu kama yeye,
kimechapwa tayari: *Amepotea.*
Kalamu yangu ilishafunguliwa.

Jumamosi nikapanda Cimpunda
na viatu vyangu vya ofisini.
Mvua ilikuwa imekula nusu ya njia,
nusu nyingine ni ngazi za magunia ya mchanga,
ua wa huyu uko sawa na bati la yule,
na mwanamke aliyekuwa akichambua sombe
aliitazama jasho langu bila kuniuliza kitu.
Nilisimama mara tatu.
Ningekuwa mshiriki, ingeandikwa: *vipumziko 3.*

Ya nne, nikainua kichwa.
Yuko juu yangu, ubavu mmoja chini kidogo,
bidoni ya lita ishirini mgongoni,
kamba kwenye paji la uso.
"Nilikosa ya taxi," akasema.
"Na ile koridoo yenu…
hapa kwetu, tambarare iko wapi?"

Sikuwa na pumzi ya kumjibu.
Akatazama kifundo cha mkono wake, kisicho na saa.
"Unaendelea vizuri," akaniambia.
"Zimebaki ngazi makumi ine."
Sauti ileile yangu, kavu,
bila pambo hata moja,
kama ukurasa wa kumi na moja unavyotaka.

Jumatatu niliandika pambizoni:
ngazi, bidoni, mvua, hakusimama.
Bijoux wa takwimu akanirudishia fomu.
Pambizo haliingii kwenye kompyuta, alisema,
yeye anataka mita.

Bado sijui A au B.
Nje mvua inarudi kutoka upande wa ziwa,
na mtu amepita mbio koridoo, ameangusha Primus,
mchanga umemwagika
kati ya mita ya ishirini na tisa
na ya thelathini.