Kwa Fundi Mwavuli

Mvua ya Bergen haina adabu ya kuanza wala ya kukoma.
Nilikaa huko miezi mitatu, kozi ya kupima samaki,
na kitu cha kwanza nilichoandika daftarini
si bahari, si bei ya mkate
(hiyo niliiandika baadaye, kwa hasira),
ni mapipa ya taka:
kila baada ya upepo yamejaa miavuli,
mbavu nje, kama popo waliofia usingizini.

Mmoja ulikuwa umevunjika ubavu mmoja tu.
Nikauokota. Mama mwenye mbwa akanitazama
vile tunavyomtazama mwokota makopo pale Uyole.
Sikuwa na Kinorwe cha kumweleza
kwamba huo baba yangu angeuunga kwa spoku ya baiskeli
huku akibishana habari za mpira,
na angetoza mia mbili,
au chana ya ndizi, au "utaniletea."
Wengi walikuwa utaniletea.

Dodoma nilikuta mwavuli unakinga jua.
Msichana ameukunjua, mkavu, haujawahi kulowa,
umepauka mgongoni kama kanga iliyosahauliwa kambani.
Niliuonea huruma.
Msichana mwenyewe nilisahau kumwangalia.

Tunduma niliikuta ndani ya robota.
Mwuzaji amesimama Tanzania, robota limekaa Zambia;
mgambo akitokea, vinabadilishana.
"Elfu tatu, braza. Ukiharibika tupa, njoo chukua mwingine."
Alisema *tupa* kwa wema, kama anayekupunguzia bei.
Nilipiga hesabu njiani mpaka Vwawa:
elfu tatu, kasoro spoku, kasoro saa nzima ya macho ya mzee.
Ikakataa.
Hata yeye ilimkataa, mwaka ule wa mwisho,
alipokaa barazani na koleo mapajani
akisikiliza mvua ikipita bila kumletea mtu.

Sasa Tukuyu. Mwaka wa kumi na moja tangu nizike nikaondoka.
Nimeshuka, inanyesha, ingefanya nini kingine,
ile mvua yetu isiyopita bali inayokaa,
kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu.
Migomba ipo. Kahawa ya kina Mwaisumo imeng'olewa,
parachichi zimepangwa mistari kama wanafunzi.
Njia ya kwa shangazi Subilaga wameihamisha,
au ni mimi niliyehamishwa.
Nikamwuliza kijana wa bodaboda,
koti lake la mvua limefungwa kwa kamba ya katani.

Bergen ukiuliza njia wanakutolea simu.
Huyu alinyoosha midomo kuelekea mlimani:
"Panda mpaka kanisani, usiingie. Shuka.
Ukifika Kwa Fundi Mwavuli, kata kushoto."

"Kwa nani?"

"Kwa Fundi Mwavuli. Ni jina tu la pale, kaka.
Mwavuli hamna, fundi hamna."

Kweli hamna. Kuna kibanda cha kuchaji simu
na ngazi tatu za mawe; ya pili bado inacheza,
mguu wangu uliikumbuka kabla yangu.
Wanawake watatu wamejibanza chini ya bati, wanangoja ipungue.
"Ugonile," wakasema, wakanisogezea nafasi
bila kuuliza mimi wa nani.

Ule wa Bergen nilikuwa nao mkobani.
Nikaukunjua: ubavu ule unaning'inia bado,
miaka yote hiyo sijaugusa, nikijiambia sina koleo.
Koleo ninalo. Liko Kyela, kabatini, limefungwa kwa kitambaa cha soli.

Yule mkubwa wao akacheka.
"Huo si wa kutupa," akasema, "huo wa kuungwa,"
akageukia mlango wa kibanda, mazoea tu,
akakuta waya za simu,
akairudia mvua.

Nikakata kushoto.