Asilimia Moja

Ghislaine aliandika kwa kalamu nene
kibao cha kila soketi: KARAVANI TU. MAGARI HAPANA.
Mvua za Gaspé zikaulamba wino,
ikabaki KARAVANI, na nukta.

Nguzo ya chaji ni moja, karibu na vyoo,
na foleni yake iko daftarini:
saa mbili Thibodeau, saa sita wale wa Ontario,
saa tisa usiku jina lisilosomeka.
Watu huamka na pajama kuhamisha magari
kama wanaopokezana zamu kwa mgonjwa.

Mimi nilifika na asilimia nne.
Nne, na mbele milima mitupu.
Sikuandika jina. Niliingoja giza,
nikatoa waya wangu wa rangi ya chungwa,
nikauchomeka kwenye soketi ya kiwanja changu
polepole, kama mwizi wa mayai chini ya kuku.

Dakika arobaini. Kisha, ta!
Safu nzima ikazimika:
friji zikanyamaza,
redio ikakatwa katikati ya neno,
na katika karavani ya jirani
mashine ya kupumulia ya Réal Castilloux.

Ghislaine akaja na tochi, koti juu ya gauni la kulalia.
Hakuuliza ni nani.
Mwanga wake ulifuata ule waya juu ya nyasi zenye umande
hadi miguuni pangu.
Njia ya mwongo ni fupi;
yangu ilikuwa mita kumi.

Swichi kuu imeungua. Fundi yuko Matane, hadi kesho.
"Una kiasi gani?"
"Sita."
"Basi toa."
Sikujua kama gari langu linaweza kutoa.
Yeye alijua: amewaona wengi
wakikaangia mayai nyuma ya buti.
Tukaugeuza waya, ule ule.

Mashine ikaanza tena, fuu, fuu.
Odette, mkewe, hakunishukuru wala hakunitukana,
alinisogezea kiti cha kukunja tu.
Nikakaa naye nikiitazama namba.
Sita.
Sita.
Kulipokucha, tano.
Pumzi za mtu usiku kucha:
asilimia moja.

Asubuhi nilikuta bili ya swichi chini ya waipa,
dola mia moja na themanini, imepigiwa mstari mara mbili.
Na daftarini, kwa kalamu nene,
jina langu, herufi zote zimekosewa,
saa moja kamili,
mbele ya Thibodeau.